Herufi Chini ya Mpini

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kunakili namba zote na kuacha maneno.

Ilikuwa mwaka 1965. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na mimi na baba tulikuwa tumeshakaa Maskati mwaka mzima tangu tuondoke Unguja. Tulipanga chumba cha makuti Darsait, na kila asubuhi nilikwenda kwa miguu hadi Matrah, kwenye duka la mzee mmoja aliyenunua fedha kuukuu, majambia na silaha za zamani. Wateja wake wakubwa walikuwa Wazungu wa mafuta. Jambia walilisifu, bunduki waliipapasa, lakini kilichowafanya wakae kitako ni bastola ndogo za Kiamerika, zile ambazo risasi yake ni kama kokwa ya tende na nyundo yake hupiga ukingo wa kitako cha risasi, si katikati. Hawakutaka kupiga nazo. Walitaka kujua umri wake, na umri husomwa kwenye namba iliyogongwa nje, kwenye ncha ya mpini.

Mzungu mmoja alikuwa na kijitabu cha namba hizo. Aliniazima siku tatu. Upande mmoja wa ukurasa namba, upande wa pili miaka. Nilizinakili kwenye daftari kwa rula na wino, na kila wino ulipovuja nilichana ukurasa nikaanza upya. Nadhani nilichana zaidi ya nilizobakisha. Chini ya kila jedwali palikuwa na maelezo kwa herufi ndogo. Kiingereza changu nilijifunza mwenyewe kwenye kamusi isiyo na jalada, na maelezo yale yalinishinda. Nikajiambia nitayaandika baadaye nikishayaelewa, nisije nikalichafua daftari kwa makosa. Siku ya tatu Mzungu akachukua kijitabu chake akarudi jangwani.

Basi nikawa fundi wa miaka. Mzee wa duka alinipa bastola, nami niliisafisha, nikaisoma namba mara tatu, nikaenda kunawa, nikarudi nikaisoma mara ya nne.

"Wee," mzee aliniambia, "unaikagua kama unaichagulia mchumba. Chuma hicho, hakikimbii."

Nilicheka naye, lakini sikuacha. Usiponiona nikihakikisha ujue nimelala.

Mama na dada yangu walibaki Unguja. Ili waruhusiwe kuingia Maskati ilitakiwa karatasi kutoka kwa watu wetu wa asili, iseme kwamba sisi ni wao. Watu wetu walikuwa Qurayyat. Babu yangu alitoka huko akiwa kijana, akamwacha ndugu yake, na mtoto wa ndugu yake ndiye aliyekuwa sasa mkubwa wa nyumba ile. Baba alimwita bin ami. Yeye alimwita baba "mgeni wetu".

Kisa alichompa baba alipokwenda kwake mara ya kwanza kilikuwa kifupi. Alisema ami yake, yaani babu yangu, alikwenda Afrika, akafa kwa homa mwaka wa tatu, hajaoa. Habari ililetwa na msafiri, watu wakasoma hitima, na fungu lake la mitende likagawiwa. Kwa hiyo huyu anayejiita mwanawe ametoka wapi? Baba alikuwa na jawabu moja tu. Babu aliwahi kumsimulia kwamba siku alipozaliwa yeye, baba, alipata furaha akampelekea ndugu yake bastola ya silinda ya risasi saba, kwa mkono wa baharia. Bin ami hakukanusha bastola. Ilikuwapo kwake, ndani ya sanduku, imefungwa kitambaa. Alisema tu kwamba ililetwa kabla ya ile habari ya msiba.

"Basi mwanangu mimi anajua kusoma umri wa bastola," baba akasema. "Ikiwa imetengenezwa baada ya mwaka mliosoma hitima, nani aliyeileta? Maiti?"

Wazee waliokuwapo wakacheka, na bin ami naye akacheka. Akakubali. Ikitoka baada ya msiba, ataandika karatasi. Ikitoka kabla, tusimrudie tena kwa jambo hilo.

Safari ya pili tulikwenda Qurayyat mimi na baba, daftari langu nimelifunga kwa nailoni ndani ya fulana. Baada ya kahawa na halua, bastola ikaletwa. Nilifurahi nilipoiona, nakiri. Ilikuwa namna ninayoijua, mpini umevishwa mpira mgumu mweusi, namba inasomeka vizuri. Niliisoma mara tatu. Nikafungua daftari. Namba iliangukia mwanzo kabisa wa jedwali, miaka mingi kabla ya msiba, hata kabla babu hajaondoka Qurayyat.

Hapa lazima niseme kila kitu. Mfukoni nilikuwa na bisibisi ndogo. Dukani, kila bastola ya namna hii nilikuwa nikiifungua mpini kuisafisha, na mara nyingine niliona herufi moja imegongwa kwenye chuma upande wa kushoto, chini ya ule mpira. Nilidhani ni alama ya mfanyakazi wa kiwandani. Siku ile sikuifungua. Niliona aibu kuifungua silaha ya mtu mbele ya wageni wake. Na kuna jambo lililo baya zaidi ya aibu. Nilipoona mwaka ule unampinga baba, kuna kitu ndani yangu kilisimama wima. Niliwaza: sasa wataona kwamba mimi siuzi neno langu, hata kwa baba yangu.

"Imetoka kabla," nikasema.

Baba aligeuka kunitazama.

"Una hakika, mwanangu?" bin ami akauliza. Sauti yake ilikuwa ya upole. Nafikiri alinihurumia.

"Nina hakika."

"Sema wallahi."

"Wallahi, nina hakika."

Akaikunja bastola ndani ya kitambaa, akatuongezea kahawa. Mzee mmoja aliyekaa karibu na mlango, ambaye aliwahi kuishi Unguja, akamwambia baba kwa Kiswahili, "Umemlea mkweli, bwana. Pole."

Njia nzima ya kurudi baba alizungumza habari za hali ya hewa. Tulipofika Darsait akasema, "Mwandikie mama yako. Mimi siwezi." Niliandika barua hiyo mara tano, ili isiwe na neno lililofutwa. Mama alijibu kwamba amefahamu, na kwamba anasubiri, Mungu ni mkubwa. Aliuliza kama napata samaki mzuri.

Mwaka uliofuata, wakati wa joto, yule Mzungu wa kijitabu alirudi dukani na bastola mbili alizomnunulia mwenzake. Akanipa kijitabu nimtafutie miaka yake. Kiingereza changu kilikuwa kimekua kidogo. Nilifungua ukurasa ule ule, na macho yakanishuka yenyewe mpaka kwenye zile herufi ndogo. Maelezo yalisema kwamba kiwanda kilipofika namba kubwa kilianza tena kutoka moja, zaidi ya mara moja, na kila mzunguko mpya ulipewa herufi yake na miaka yake, nayo hugongwa upande wa kushoto chini ya mpini. Jedwali nililonakili lilikuwa la mzunguko wa kwanza tu. Namba bila herufi haisemi mwaka.

Mzee wa duka aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia ndiyo.

Nilikwenda Qurayyat peke yangu, bila kumwambia baba. Bin ami alinikaribisha vizuri. Nilimweleza yote, maelezo niliyoyaruka, herufi, aibu ya kufungua mpini. Sikumficha kitu. Nilimwomba ruhusa, akaleta bastola, nikaifungua kwa bisibisi, yeye akinishikia skrubu. Herufi ilikuwapo, safi kama imegongwa jana. Kwa herufi ile, na maelezo ambayo safari hii niliyanakili, bastola ilikuwa imetengenezwa miaka saba baada ya hitima. Babu alikuwa hai. Baba ni mwanawe.

Bin ami alipitisha kidole juu ya herufi.

"Mimi naweza kukuamini," akasema. "Lakini sikiliza. Ulipoapa siku ile, neno lako lilikuwa la hasara kwako mwenyewe na kwa baba yako. Hiyo ni ikrari, kukiri kwa mtu mwenyewe, na ikrari ya mtu juu ya nafsi yake inamshika. Leo umekuja na neno jingine, na hili ni la faida yako. Hili lataka shahidi. Shahidi wako nani?"

"Kitabu."

"Kitabu cha nani?"

"Cha Mzungu."

"Kilikuwapo siku ile?"

"Lilikuwapo daftari langu, lililonakiliwa humo."

"Lile uliloapia."

Akaendelea taratibu, kama mtu anayemfunza mtoto hesabu. "Mtu akiapa hivi, kisha akaapa vile, wazee wale nitawaita tena niwaambie nini? Wataniuliza: na mwaka kesho, akipata kitabu cha tatu? Na mimi nikitia mkono karatasi, nikaulizwa na wakubwa, nitasema nimefuata kauli ipi?"

"Lakini umeiona herufi."

"Nimeiona. Na wewe nimekuona umetoka jasho. Kula kwanza."

Nilikula. Alinipa pakacha la tende nimpelekee baba. Nilimwambia baba zimetoka sokoni. Ulipita mwezi mzima kabla sijaweza kumweleza ukweli, na nilipomweleza alisema tu, "Kwa hivyo nnajua mie mtoto wa nani," akaenda kusali. Hatujaizungumza tena.

Mama alifariki Unguja mwaka 1968, kwa ugonjwa wa siku tisa. Barua ya dada ilichukua wiki tano kutufikia. Katika wiki hizo tano nilikuwa nimeshamwandikia mama barua mbili.

Mwaka huu, 1970, nchi ina mtawala mpya, na watu wetu wa Afrika wanaingia kwa mamia. Dada yangu alifika mwezi uliopita na mumewe. Hakuna aliyemdai karatasi ya Qurayyat. Baba anakaa naye Darsait, mimi nimehamia Ghubra. Kazi ya dukani nimeacha. Watu bado huniletea bastola niwaambie mwaka, na mimi huwaambia sijui.