Nilivyopaka bampa za gari la harusi ya dada yangu, rangi ikabanduka kabla ya harusi

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo. Nimeona humu watu wanauliza kama plastiki za gari zinapakika nyumbani. Zinapakika. Haya yamenikuta mwenyewe, siongezi chumvi.

Mimi ni Mbajuni wa Chovae, kisiwa cha Somalia kusini mwa Kismayo. Vita vilipoingia Kismayo tulikimbia kwa mashua hadi Kiunga, kisha tukaishia kambi ya wakimbizi, Mombasa. Baba alifia pale kambini.

Mama yangu kule kisiwani ndiye aliyekuwa akiitwa kuimba kwenye kila harusi. Baada ya msiba ule akanyamaza. Hata kuimba kwa midomo iliyofungwa, hakuna.

Baadaye tukapanga vyumba viwili mjini. Dada yangu Mwanaesha akaposwa na kijana wa Burgao, pwani ile ile ya kwetu, aliyejuana naye pale pale kambini. Mama akatoa sharti moja tu: mwanawe atoke kwa gari, si kwa mashua kama tulivyotoka kwetu.

Mjomba Shee alikuwa na gari dogo jeupe. Bodi nzima safi, lakini bampa na vile vipande vya plastiki vya milangoni vilikuwa vimepauka kwa jua, utadhani vimemwagiwa majivu.

Nikajigamba. "Mjomba, niachie mimi. Nimepaka mashua ngapi?"

Nikachukua rangi nyeusi ya mafuta, brashi, nikapaka. Jioni ile gari lilipendeza, wacha!

Asubuhi nikagusa kwa ukucha. Rangi ikaja yote kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Ilikuwa Jumanne, harusi Ijumaa.

Mwanaesha alicheka mpaka akakaa chini. Mama alitoka akatazama, akasema kwa Kibajuni chetu (sisi mtu tunamwita mchu), "Ni mchu gani huyu apakaye gari rangi ya mashua?"

Nikakimbilia kwa jirani yetu Katana, fundi wa kupuliza rangi za magari. Akaja, akaikwaruza bampa.

"Ulipiga msasa?"

"Niliosha."

"Kwa sabuni?"

"Kwa maji."

Basi, wakuu, akatupangia kazi.

Kwanza tubandue rangi yote. Tuoshe kwa sabuni ya vyombo na brashi ngumu, maana plastiki ya gari hunywa mafuta na polishi kwa miaka. Halafu msasa laini wa maji, tusugue mpaka ule mng'ao ufe kabisa. Ikikauka, tufute kwa spiriti, na asiguse mtu tena kwa mkono.

Mimi nikaanza kusugua. Mama akawa anatazama kutoka mlangoni. Mara akaja akaninyang'anya msasa.

"Pembeni unaacha. Ondoka."

Akakaa kwenye kigoda mbele ya bampa, akasugua. Mkono ukashika mwendo. Na ndani ya ule mwendo nikasikia sauti, ndogo kwanza, halafu ikapanda. Mama anaimba wimbo wa harusi!

Mwanaesha alikuwa ameshika ndoo, akasimama nayo. Mimi machozi yananitoka na huku nacheka.

Katana wa watu hajui lolote. "Mbona mmesimama? Leteni maji!"

Siku ya pili tukafunika bodi kwa magazeti. Katana akapuliza praima ya plastiki kwanza, akisema bila hiyo rangi haina pa kushika. Kisha nyeusi, nyembamba nyembamba, kila mkono wa rangi ukauke kabla ya mwingine. Mimi nilitaka kumaliza kwa mkupuo mmoja, akanifukuza.

Ijumaa plastiki zote zilikuwa nyeusi ti. Nilijaribu kwa ukucha kwa siri. Haikutoka!

Mama alikaa mbele na Mjomba, bibi harusi nyuma na mashangazi. Tulipofika kwa bwana harusi, wote wakashuka, Mama hakushuka.

"Dada, tumefika," Mjomba akamwambia.

"Nimeona. Zunguka tena."

Basi Mjomba akazunguka mtaa mzima, honi inalia, Mama kichwa nje ya dirisha anaimba, watu wanamjibu kwa vigelegele.

Nilichojifunza: kwenye plastiki kazi iko kwenye kusugua, rangi ni mambo ya mwisho. Na ukipata wa kusugua naye, usimharakishe.

Nanyi mliobandukiwa na rangi, njooni mtaje mlikosea wapi. Mkitaka kunicheka, ruksa pia.