D ya Kemia

Muhula wa kwanza wa kidato cha sita nilipata D ya Kemia, na niliipata kwa haraka zangu mwenyewe. Kwenye jaribio la maabara unatakiwa ufungulie asidi tone kwa tone mpaka rangi ibadilike. Mimi nilifungulia kama bomba la kijiji. Rangi ikapita kiasi. Nikarudia, ikapita tena, kengele ikalia.

Waliotutangulia wangesema si kitu, mtihani wa mwisho utafuta yote. Sisi tulikuwa tumebadilishiwa utaratibu. Alama za mihula sasa zilikuwa zinapelekwa Dar es Salaam kujumlishwa na za mtihani. Mwalimu wa Kemia alitueleza hayo huku ananiangalia mimi. Nilimfuata nje nikamwomba nirudie jaribio. Akasema halirudiwi, na kwamba waombaji wa udaktari ni wengi kuliko nafasi, kwa hiyo wa kwanza kutupwa ni wale wenye Kemia inayochechemea.

Zilipokuja fomu za chuo kikuu, mkuu wa shule, mama mmoja mkali, aliniita ofisini. Aliniambia niandike kilimo chaguo la kwanza. Nikiweka udaktari mbele wakinikataa, nitakuta kilimo kimeshajaa wale waliokitaka tangu mwanzo, nami nitabaki nje kabisa. Nikamwambia nataka udaktari. Akasema nilete mzazi.

Kwetu Waluguru jambo kama hilo si la baba peke yake. Mjomba ndiye aliyeshuka kutoka Kinole, juu ya lori la machungwa, koti lake likinuka mdalasini. Nilimwamkia, akaitikia, halafu hapohapo akaniuliza nimefeli nini. Nikamweleza njia nzima mpaka mlangoni kwa mkuu.

Mkuu alimkaribisha vizuri, akarudia yote kwa utulivu, akamalizia kwamba taifa linawahitaji mabwana shamba.

"Mabwana shamba tunawajua, mwalimu," mjomba akasema. "Enzi za mkoloni walituchimbisha matuta mpaka migongo ikapinda. Sasa huyu naye aje kutusimamia?"

Mkuu akacheka kidogo. Mimi sikuweza. Fomu ilikuwa mezani, inaondoka siku ileile, na hao wawili wanapiga soga za matuta.

"Ndugu yangu, mimi sikatai ndoto ya mtoto," mkuu akasema. "Naogopa akose vyote."

Mjomba akaivuta fomu, akaitazama. Nikajua amegeuka, na nilikuwa tayari kumkasirikia. Kisha akauliza kama ile D imeshafunga mlango.

"Haijafunga. Imeubana."

"Basi aseme mwenyewe. Kilimo anakiweza?"

Wote wakanitazama. Nikasema nakiweza, ila sikitaki.

"Andika unachotaka, mama," mjomba akaniambia. "Ukikikosa, angalau utakuwa umekiomba."

Nikaandika udaktari haraka kabla mtu hajabadili mawazo, kilimo nikakiweka chini yake. Mkuu aliisoma fomu, akaipiga mhuri.

"Sasa mtihani wa Kemia nataka A," akaniambia. "B haitakutosha. Umenisikia?"

Nikasema ndiyo.

Nilimsindikiza mjomba mpaka sokoni, lori linakopakia. Njiani hakutania hata kidogo. Tulipokaribia akaniuliza polepole, kama vile mkuu bado yuko karibu, "Hiyo A ni ngumu?"

"Ngumu, mjomba."

"Shuleni kwenu kuna aliyewahi kuipata?"

"Wapo. Wachache."

Akatikisa kichwa, akatazama juu milimani, ambako wingu lilikuwa limeshafunika njia ya Kinole. Akasema bibi yangu atamuuliza tumeamua nini, naye atamwambia nimeomba kilimo.

"Kwa nini umdanganye?"

"Wakikukataa, asilie."

"Na wakinichukua?"

"Nitasema nilijua tangu mwanzo."

Akapanda juu ya magunia bila kunitazama. Nikarudi shuleni kwa miguu, karibu nakimbia.