Deni la Mlango

Mlango wa nyumba yetu pale Msambweni ulitengenezwa na fundi seremala mmoja, rafiki wa baba, na baba akafariki kabla ya kummalizia ujira wake. Sisi nyumbani hatukulijua hilo. Siku ya maziko ami yangu, nduguye baba, alisimama mbele ya jeneza kama ilivyo ada, akauliza ni nani anayemdai marehemu, ajitokeze, deni liwe juu yetu. Hakujitokeza mtu. Fundi mwenyewe hakuwapo, alikuwa Vanga kwenye kazi.

Aliporudi akamkuta mama yumo edani. Haya, nani atamdai mwanamke aliye edani? Akasubiri. Eda ilipokwisha akaja alasiri ya Alhamisi, kavaa kanzu safi, akakaa barazani. Mama alikuwa ndani, akanituma nimpelekee kahawa na mkate wa kumimina uliokuwa bado moto. Akala, akashukuru, akamsalimia mama kwa nje, akaenda zake. Sasa wewe niambie, umemaliza mkate wa watu na makombo yako mdomoni, utaanzaje kudai? Kwetu haliwezekani. Alhamisi iliyofuata akaja tena, akapewa vibibi. Vikafuata vitumbua, yakafuata mahamri na mbaazi, mwaka ukapita na zaidi.

Mtaa ukasema yake. Mimi nilikuwa msichana mkubwa, uso wa mtu najua kuusoma, na niliona kwamba siku za Alhamisi mama alichuma asumini. Hakujitia kichwani, aliziweka tu kwenye kisahani chumbani. Lakini nyumba ilinukia, naye akaanza tena kuimba jikoni, jambo ambalo sikulisikia tangu baba atutoke. Nilimpenda yule fundi kwa hilo tu.

Aliyeharibu ni bibi, mamake mama. Bibi hakuwa na subira hata ya kungoja chai ipoe. Alhamisi moja akajikokota hadi barazani, akakaa mbele ya mgeni.

"Mwanangu," akamwambia, "kahawa yetu umeinywa sana. Una neno, au huna?"

Fundi akautazama mlango, maana alijua mama yuko nyuma yake.

"Ninalo, mama," akasema. "Nilikuwa namdai marehemu. Ujira wa mlango huu."

Nilikuwa karibu na mama. Alishika ukuta kwanza, kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ni kiasi gani, shemeji?" Akatajiwa. "Utalipwa inshallah," akasema, akarudi jikoni. Roho iliniuma kwa ajili yake.

Ami alipoambiwa alikuja juu. "Hulipi hata senti. Tulitangaza mazikoni mbele ya watu. Mtu ana deni lake, analikalia wakati wote huo, anakula mikate, kisha leo ndiyo alikumbuke? Shahidi wake nani?" Nami nilikuwa upande wa ami, tena kwa hasira kumshinda. Kututia matumaini yote yale, kumbe mtu anafuata shilingi zake! Nikasema vyakula alivyokula vinatosha kuwa malipo, na kama havitoshi aje tuvihesabu.

Mama alituacha tumalize. Akasema kuchelewa kwa fundi ni shauri la fundi, lakini aliyelala chini na deni ni mumewe, na yeye hawezi kumwombea rehema huku amekaa nyuma ya mlango usiolipiwa. "Hata angekuja nimeshazeeka, ningelipa," akasema.

Akalipa kwa kuuza mikeka na korosho, kidogo kidogo, na kila mara alinituma mimi nipeleke ili fundi asiwe na sababu ya kuja. Niliziweka pesa juu ya meza yake, katikati ya maranda ya mbao, nikatoa shikamoo ya kulazimishwa, nikageuka. Yeye hakuacha kuuliza, "Shemeji hajambo?" Namjibu hajambo, basi. Nyumbani Alhamisi ikawa siku kama nyingine. Bibi alijuta, ingawa kujuta kwake kulikuwa ni kununa.

Nilipompelekea za mwisho hakuzigusa. "Mwanangu," akasema, "deni hili nilikuwa nimeshalisamehe zamani. Bibi yako aliponiuliza, nililokuwa nalo moyoni niliona haya kulisema. Mdomo ukatoa lile la deni." Nikamwambia hilo si la kuniambia mimi, atume wazee. Ulimi wangu nao, wa bibi mtupu.

Wazee wakaja na posa. Ami akafungua kitambaa walicholeta, na ndani yake mlikuwa na pesa zetu zile zile, zote, ndizo mahari. Akanituma kwa mama. Nilimkuta chumbani anasuka ukili wa mkeka, nikamweleza. Aliendelea kusuka mpaka nikaogopa.

"Waambie hizo ni deni la marehemu na nimeshalilipa," akasema bila kuinua macho. "Ni jasho lake, akae nazo. Mahari alete nyingine."

Nikasimama pale kama mjinga. "Kwa hiyo umekubali, mama?"

"Si nimesema alete?" akajibu, na ndipo akalia.