Maharage Yalikuwa Bado Motoni

Nilikuwa nimeshajichoma sindano ya sukari simu ilipoita. Ndege ya Dar es Salaam ingeondoka mapema kuliko ilivyopangwa, walisema watu wa shirika la ndege, kwa hiyo tuwahi. Uji wa ulezi ulikuwa ndiyo kwanza unaanza kuchemka. Mke wangu akazima moto, tukatoka.

Nilikuwa naenda kutibiwa macho. Mimi ni seremala hapa Tabora, kama alivyokuwa marehemu baba yangu, na seremala asiyeuona mstari wa penseli hana kazi. Tungepanda treni kama kawaida yetu, ila binti yetu wa Dar alikataa. Alisema kukaa kitini muda mrefu kutanivimbisha miguu.

Mwenye sukari anajua kwamba sindano ikishaingia, chakula hakingoji. Lakini uwanja wa ndege hauko mbali na mjini, na kantini ipo. Nikamwambia mke wangu nitakula huko huko.

Kwenye kabati la kioo la kantini kulikuwa na maandazi, sambusa na sinia la chipsi zilizopoa. Jokofu lilijaa soda. Kliniki walikuwa wamenikataza karibu vyote nilivyokuwa naviona.

"Shikamoo baba," mama wa kantini akanisalimu. "Nikupe nini?"

"Marahaba. Una mayai ya kuchemsha? Au maharage, matupu tu."

"Mayai nayabandika sasa hivi. Maharage yako motoni, hayajaiva. Andazi je, wakati unasubiri?"

Nikakataa. Nilikuwa nimeshika masharti kwa muda mrefu na nilijivunia jambo hilo kuliko nilivyokiri kwa watu. Nikamwacha mke wangu na mizigo, nikatoka nje kutafuta muuza matunda au mahindi ya kuchemsha. Kulikuwa na upepo wa kipupwe na watu wamejifunika makoti. Muuzaji sikumwona. Nilipogeuka kurudi, maandishi ya mlangoni yalikuwa mawili mawili. Nilidhani ni macho.

Mke wangu alinitazama mara moja. "Mbona unatoka jasho na baridi hii?"

"Nimetembea."

Alikwenda kantini, akarudi na soda imeshafunguliwa.

"Kunywa."

"Nimekatazwa, mama watoto."

"Umekatazwa ukiwa mzima. Sasa hivi si mzima, sukari imeshuka. Kunywa."

Nakumbuka kwamba nilitaka kubishana na sikuyapata maneno. Niliijua ile chupa ni chupa, lakini mkono haukujua uishike vipi. Akaniwekea mdomoni kama anavyonyweshwa mtoto, mbele ya abiria wote, na sikuona haya. Haya ilikuja baadaye, pamoja na akili. Kwanza masikio yalizibuka, kisha nikaona kwamba shati limelowa mgongoni. Mama wa kantini alikuwa amesimama kando yetu ameshika mwiko.

"Mama yangu alikuwa nayo," alisema. "Soda peke yake haikai. Lazima ale."

Akaniletea mayai mawili na bakuli la maharage. Yalikuwa bado magumu kidogo. Nilikula yote huku mke wangu akiangalia mlango wa kuingilia ndani. Tulipoitwa nilikuwa natafuna kijiko cha mwisho. Mama wa kantini akatufungia matobolwa kwenye karatasi, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa ambavyo bibi zetu waliwafungia wasafiri, akasema nitafune kidogo kidogo angani.

Ndani ya ndege walitugawia keki na juisi. Keki niliirudisha. Juisi mke wangu aliichukua, akaishika mapajani bila kuifungua mpaka tukatua.

Dar walinitibu macho yote mawili. La kulia linaona mstari wa penseli; la kushoto limebaki na ukungu, nami nimezoea kulifumba ninapopima mbao. Nyumbani, sindano sasa anaishika mke wangu. Hanipi mpaka sahani iwe imeshawekwa mkekani. Mwanzoni nilimwambia ananifanya mtoto. Alisema sawa, akaendelea kuishika.