Siku Gaudiosa Alipofika Katikati ya Daraja la Mkondoa

Katika mji wa Kilosa, mwaka ule wa sabini na tano, kila mtu alilijua daraja la reli la Mto Mkondoa, lakini ungetafuta mchana kutwa usimpate aliyewahi kulitazama. Abiria wa garimoshi walilipita wakiwa wamelala. Wakulima walilipita na mizigo vichwani, wakihesabu mbao za pembeni mwa reli wasije wakakanyaga pengo. Gaudiosa, mshonaji wa barazani pa duka la ushirika, alikuwa ameishi Kilosa miaka kumi na minne, na daraja alilolijua ni lile lililochapwa kwenye kalenda ya ushirika, juu ya miezi ya Mei na Juni.

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini kasoro, mwenye tabia ya kubana pini midomoni hata kama hakuna nguo mbele yake. Alishona sare za shule, kanzu za maulidi na magauni ya kipaimara, yote kwa kitambaa kimoja, kwa kuwa duka lilileta kitambaa kimoja. Uongo hakuuweza. Si kwamba alikuwa mtakatifu. Alikwisha kujaribu mara nyingi, lakini kila alipoanza kudanganya alishikwa na kwikwi.

Jumatano ilifika barua kutoka Mikumi. Mdogo wake, Magreti, alikuwa mpishi katika nyumba ya wageni iliyo kando ya barabara kuu, na barua zake zote zilikuwa na mnyama ndani.

"Dada," aliandika, "juzi tembo alipita nyuma ya jiko letu, akala mapapai yetu yote, akaondoka bila haraka. Jumamosi nakuja kuwasalimu. Safari hii utanionyesha nini huko kwenu? Au utanisimulia tena lile daraja la kwenye kalenda?"

Gaudiosa aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka chini ya cherehani. Jioni alimwambia mumewe, "Baba Filomena, kesho twende darajani."

Mumewe huyo, Simoni, alikuwa mpiga chapa wa magunia katika ghala la pamba. Wiki ile alikuwa nyumbani kwa sababu wino na vibao vya herufi vilikuwepo, ila magunia yalikuwa hayajafika kutoka Morogoro.

"Limevunjika?" akauliza.

"Halijavunjika."

"Sasa linatazamwa nini kama halijavunjika?"

"Nataka nifike katikati yake, nisimame, nitazame chini. Basi. Magreti akiniuliza nimeona nini, nimjibu kitu nilichokiona kwa macho yangu. Miaka yote hii ananipiga na tembo wake, nami sina hata sungura."

Simoni alimtazama mkewe, akaona kwamba jambo limeshaamuliwa na yeye anaarifiwa tu.

Kutoka mjini siku ya kazi, msimu wa kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona, kulihitaji barua ya balozi wa nyumba kumi. Balozi wao, Mzee Cleopa, aliwapokea kibarazani akiwa na kalamu tayari.

"Shikamoo, balozi."

"Marahaba, mama. Madhumuni ya safari?"

"Kutazama daraja."

Cleopa aliweka kalamu chini. Karatasi yake ilikuwa na nafasi ya msiba, hospitali, semina na kilimo. "Kutazama hakumo humu."

"Si ukuandike, mzee?"

"Nikuandike wapi? Wanaotazama ni wageni wa Ulaya, tena hao wamelipa. Wewe ukitazama unaitwa mzururaji. Ukikutwa njiani saa nne asubuhi mikono mitupu, unapelekwa shambani kabla hujajieleza." Akainama, akanong'ona kama anayetoa dawa. "Fungeni jembe kwenye baiskeli. Mtu mwenye jembe haulizwi anakwenda wapi." Akaandika *Kilimo*, akagonga muhuri kwa nguvu zote.

Baiskeli waliikodi sokoni kwa Nikolaus. Nikolaus alitaka amana, na hakukubali kadi ya Chama, maana kila mtu anayo. Alitaka kitu ambacho mtu hawezi kukipata mara mbili. Simoni akarudi nyumbani, akaja na cheti cha ndoa.

"Mkichelewa," Nikolaus akasema akikikunja, "Jumatatu namtafutia mama mchumba."

"Mtafutie mwenye baiskeli yake," Gaudiosa akajibu, akapanda nyuma.

Alikaa upande kwenye keria, miguu pamoja, kitenge chake kizuri kimekazwa magotini, na jembe limefungwa kwenye mtalimbo wa baiskeli. Penye bomba la maji akina mama walipiga vigelegele. "Mama Filomena! Leo umekuwa gunia la pamba?"

"Afadhali mimi nimefika! Magunia yenyewe yako Morogoro!"

Hata Simoni alicheka, ingawa alikuwa akipanda kilima na jasho limemwingia machoni. Kwenye mteremko alisimamisha baiskeli kwa soli ya kiatu, kwani breki ilikuwepo ya kuangalia tu. Mara mbili walikutana na mgambo wa barabarani. Mara mbili mgambo aliliona jembe, akawapungia mkono. Gaudiosa alimbariki Mzee Cleopa kimoyomoyo. Alipoona vyuma vya daraja vimetokeza juu ya matete, vikubwa kuliko alivyodhani, alimpiga Simoni mgongoni kwa furaha.

Mbele ya daraja palisimama mgambo mwingine, aliyeitwa Lupakisyo, amevaa koti la kaki na kushika bunduki ya mbao. Kando yake alikuwa Ndugu Damiano, katibu wa kata, mwenye kipaza sauti alichojitengenezea kwa bati. Shamba la kijiji la pamba lilikuwa ng'ambo ya mto. Watu waliotakiwa kuja kulipalilia walikuwa sitini. Waliokuja walikuwa kumi na tisa, na mmoja kati yao alikuwa amekuja kumtafuta mbuzi wake.

Katibu aliiona baiskeli. Kisha akaliona jembe.

"Ndugu wananchi!" akapaza sauti ndani ya bati. "Tazameni! Wenzenu wametoka mjini kwa hiari yao, kwa baiskeli ya kukodi, na jembe lao wenyewe!"

Watu kumi na tisa walipiga makofi bila haraka.

"Ndugu Katibu," Gaudiosa akasema, "sisi tumekuja ku..."

Simoni akamkanyaga kidole cha mguu. Katibu alikwisha kuichukua barua na kuisoma kwa sauti: "Madhumuni, kilimo!" Makofi yakaongezeka kidogo.

"Tumekuja kulima," Simoni akathibitisha.

"Kweli, mama?" Katibu akauliza.

"Kweli," Gaudiosa akasema, na kwikwi ikamshika papo hapo, ikawa haiachi.

"Mpeni maji mama wa watu, amechoka na safari," Katibu akaagiza kwa huruma. Kisha akaeleza kwamba daraja ni mali ya umma na kiungo cha taifa, haliruhusiwi kupitwa na baiskeli wala vyombo vya starehe. Ila chombo kinachofanya kazi ya umma kinaruhusiwa. Kwa hiyo sufuria kubwa la uji wa wapaliliaji likapandishwa kwenye keria, mahali alipokuwa amekaa Gaudiosa. Simoni akashika usukani. Gaudiosa akapewa kazi ya kulishika sufuria kwa mikono miwili.

"Tone moja likimwagika," Katibu akaonya, "ni jasho la mkulima limemwagika!"

Ndivyo Gaudiosa alivyolivuka daraja la Mkondoa kwa mara ya kwanza maishani mwake: uso umeelekea kwenye uji, kwikwi inamrusha, na kila kwikwi uji unapanda hadi ukingoni na yeye anaukodolea macho kama anayemlaza mtoto. Alisikia maji chini. Alisikia upepo unapita kwenye vyuma. Alipoinua macho alikuwa ng'ambo, mbele ya mashina ya pamba, na Simoni anamkabidhi jembe.

Walipalilia hadi saa nane. Simoni, aliyezoea kuandika juu ya pamba na si kulima chini yake, aling'oa mashina manne pamoja na magugu. Gaudiosa alinyanyua kichwa kila baada ya hatua chache. Kutoka pale daraja lilionekana kipande tu. Siku ilikuwa inakwisha, na akiulizwa Jumamosi atasema ameona uji.

"Tutalipita tena tukirudi," Simoni akamtuliza.

"Tutalipita. Hujaniambia tutasimama."

Kwa kweli hawakutakiwa kusimama. Garimoshi la mizigo lilitarajiwa saa tisa, na ingawa lilikuwa halijawahi kufika saa tisa, Katibu aliamuru watu wavuke mmoja mmoja, mbio, bila kugeuka. Yeye akatangulia na bati lake. Simoni akafuata na baiskeli na sufuria tupu. Nyuma yake Gaudiosa, na nyuma ya Gaudiosa mstari mzima.

Katikati ya daraja Gaudiosa akasimama.

Mwenye mbuzi akamgonga mgongoni, mwingine akamgonga mwenye mbuzi, na mstari wote ukajikunja. Lupakisyo akaja mbio na bunduki yake ya mbao. "Mama! Unafanya nini hapo?"

"Natazama."

"Hairuhusiwi!"

"Afande, unalilinda daraja hili tangu lini?"

"Mwaka wa tatu huu."

"Chini yake kuna nini?"

Lupakisyo alifikiri. "Maji."

"Na nini kingine?"

Lupakisyo akasogea ukingoni kuchungulia. Gaudiosa alikwisha kushika chuma, ameinama. Mto ulikuwa mwekundu wa udongo, unajigawa kwenye mchanga. Katika mchanga lilikuwa limezama behewa la zamani, limeliwa na kutu, na mkuyu umeota ndani yake na kutoa matawi madirishani, mithili ya abiria wanaoaga. Juu ya paa la behewa alilala kenge, mrefu, ametulia kabisa. Kivuli cha daraja kilipita juu ya vyote hivyo, na ndani ya kivuli Gaudiosa alijiona, mdogo, amesimama. Tangu asubuhi ile, hicho ndicho kitu pekee alichokifanya ambacho hakuna mtu aliyemwagiza.

"Huyo kenge jana hakuwepo," Lupakisyo akasema kando yake.

"Jana ulitazama?"

Mwenye mbuzi naye aliinama, kisha wengine wote. Katibu alipogeuka, aliona raia ishirini na mgambo mmoja wamening'inia juu ya kiungo cha taifa.

"Kuna nini huko?"

"Ukaguzi, Ndugu Katibu!" Lupakisyo akajibu, maana hilo ndilo neno lililomjia.

"Ukaguzi wa nani?"

"Wa wananchi."

Katibu alirudi polepole, uso ukimng'aa. Wilaya ilikuwa ikimdai taarifa ya mwezi, na wapaliliaji kumi na tisa lilikuwa jambo la aibu kuandika. Akavua kofia, akachungulia. "Mmekagua nini?"

"Behewa, Ndugu."

"La nani?"

"La Wajerumani."

"Liandikwe: masalia ya ukoloni. Kingine?"

"Kenge."

Katibu alimtazama kenge kwa muda mrefu, akitafuta kichwani maelekezo yoyote yanayomhusu. "Kenge asiandikwe," akaamua. Lakini hakuondoka. Aliendelea kutazama hadi Simoni alipomkumbusha garimoshi.

Ijumaa alasiri ilifika barazani pa duka barua yenye muhuri. Kamati ya Wananchi ya Ukaguzi wa Daraja ilikuwa imeundwa. Ingekutana katikati ya daraja kila mwezi, na mwanzilishi wake, Ndugu Gaudiosa, alikuwa mjumbe wa kudumu.

Magreti alishuka kwenye basi Jumamosi, na kabla hajatua kikapu akauliza, "Haya, dada. Daraja?"

Gaudiosa alimsimulia yote, hata uji, bila kupunguza wala kuongeza. Magreti alisikiliza hadi mwisho, akaomba kuiona barua, akaisoma, akaugusa muhuri kwa ncha ya kidole. Tembo alikuwa amepita nyuma ya jiko lake, ni kweli, ila hakuna aliyemwandikia barua kwa sababu hiyo.

"Na hiyo kamati yenu," hatimaye akauliza, huku akitazama pembeni, "watu wa Mikumi mnawapokea?"