Blanketi Liingie Kundi Gani

Tovuti ya wafanyabiashara wa Katoro niliijenga mimi. Nasema hivyo mapema kwa sababu siku hizi kila anayejua kuwasha kompyuta anadai aliniwekea mkono. Hakuna aliyeweka. Nilikuwa mimi, kompyuta niliyoinunua kwa jasho langu Dar es Salaam, na stashahada ya teknolojia ya habari niliyojisomesha mwenyewe, mchana darasani, usiku nikilinda geti la ghala la saruji. Wenzangu wengi walibaki kulekule wakitafuta kazi za kuvaa kitambulisho shingoni. Mimi nilirudi. Nikapita Tinde kuwasalimia wazazi, kisha nikaenda Katoro, kwa sababu niliona jambo ambalo wenzangu hawakuliona: mji ambao kila mtu anauza kitu, na hakuna anayejua cha mwenzake kinauzwa uchochoro gani.

Kazi ilikuwa nyepesi mwanzoni. Kila mfanyabiashara alipata ukurasa wake mmoja wenye picha, maelezo mafupi na namba ya simu. Kurasa zilipokuwa chache, zilipangwa kwa mstari mmoja kutoka juu hadi chini na mambo yalikwenda. Kisha habari zikasambaa. Wenye maduka ya vifaa vya ujenzi wakaja, wauza pembejeo wakaja, wauza mchele wa Kagongwa nao wakapiga simu wakitaka kuingia. Kurasa zikazaana kama mbuzi. Mtu akitaka kuufikia mwisho wa orodha, kidole kinachoka kabla macho hayajaona anachokitafuta.

Nikazipanga kwa makundi, kama nilivyofundishwa. Kilimo, Mifugo, Ujenzi, Nyumbani, Mavazi, Usafiri, Afya, Chakula. Kila ukurasa mahali pamoja tu, na ndani ya kila kundi vikundi vidogo. Nilimtumia rafiki yangu wa Dar, akanijibu kuwa inaonekana kama ya kampuni kubwa. Nilikubaliana naye kabisa.

Mmoja wa watu walioniamini mapema alikuwa mama mmoja wa Kiislamu, mwenyeji wa Tabora, muuza mablanketi. Zamani alikuwa na fremu ya duka mbele kabisa, kando ya barabara iendayo Ushirombo. Kodi ilipopanda nilimshauri ahamie nyuma, kwenye fremu za bei nafuu. Nilimwambia wateja watampata kwenye simu. Akahamia. Huko nyuma unafika kwa kupenya kati ya karakana mbili za kuchomelea vyuma, cheche zikiruka miguuni.

Siku moja nikapita kumjulia hali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Injinia. Umekula?"

"Nimekula."

"Afadhali wewe. Mimi nitaanza kula mablanketi."

Aliniambia akiwa anakunja blanketi ambalo lilikuwa tayari limekunjwa. Mwenye fremu alitaka jibu la mkataba mwisho wa mwezi. Akisaini, amejifunga mwaka mzima. Asiposaini, anapakia vitu vyake na kurudi Tabora kwa binti yake.

"Nikakae kwenye mkeka nilee wajukuu," alisema. "Nawapenda, lakini wananipenda nikija kutembea. Nikihamia watanichoka. Na mimi sijazeeka, au nimezeeka?"

"Hujazeeka, mama."

"Basi fanya simu ilie. Hayo mengine ya ndani ya mtandao mimi siyajui."

Nilirudi nyumbani nikafungua kumbukumbu za tovuti, zile zinazoonyesha mgeni ameingia wapi na ametokea wapi. Ukurasa wa mablanketi ulikuwa mzima. Ulikaa chini ya Nyumbani, kwenye Vitanda na Matandiko, na karibu hakuna aliyeufikia. Lakini kilichonishika hakikuwa hicho. Kilichonishika ni namna wageni walivyotembea. Mtu anafungua Kilimo, anarudi. Anafungua Ujenzi, anarudi. Anachungulia Mifugo, anarudi, anaondoka. Mwingine vilevile. Na mwingine. Nimechunga ng'ombe wa baba hadi nilipomaliza shule ya msingi, najua kusoma nyayo za mnyama aliyepotea: alikwenda kwenye maji, akageuka, akajaribu ua, akageuka. Hawa nao walikuwa na kiu ya kitu. Kitu gani? Swali hilo likaninyima raha, raha ya aina nzuri.

Kumuuliza mtu kwa simu kungekuwa rahisi, lakini nilitaka kuona. Asubuhi nikaenda kukaa kwenye benchi la mama anayeuza chai na maandazi pale bodaboda zinaposhusha watu wanaotoka kwenye machimbo ya dhahabu, wanunuzi wakubwa wa mji huu. Alishuka mwanamume mmoja mrefu, vumbi limemjaa hadi kwenye kope, simu mkononi, anaitazama kama imemtukana.

"Habari ya kutoka, kaka. Unatafuta nini?"

"Wewe askari?"

"Mimi ndiye mwenye tovuti ya soko."

Akacheka mpaka muuza chai akageuka. "Kumbe ni wewe unayetuzungusha!"

Nilimnunulia chai ili aendelee kunitukana. Akanieleza kuwa ametumwa. Kikosi chao kilikuwa kinaanza duara jipya, yaani shimo la kuchimbia, na yeye ndiye aliyetumwa mjini kununua kila kitu cha kuanzia: kamba, sururu, tochi za kichwani, mabuti ya mpira, turubai, magogo ya kuzuia kuta zisiporomoke.

"Nikatafuta sururu kwenye hiyo yako, nikaikuta kwa wakulima. Mimi nalima wapi?"

"Na kamba?"

"Kamba umewafungia ng'ombe!"

Ni kweli. Kamba zilikuwa kwenye Mifugo. Magogo yalikuwa Ujenzi, mabuti kwenye Mavazi. Safari moja ya mtu mmoja nilikuwa nimeitawanya kwenye makundi manne.

"Na wanaoosha mchanga wa dhahabu, wakimtuma mtu mjini, ananunua nini?"

"Wale wa mwaloni, penye mitambo ya kuoshea? Mabeseni, makarai, mablanketi."

"Mablanketi ya nini?"

Alinitazama kama nimemuuliza maji ni ya nini. Halafu akaona kwamba ninauliza kweli, akaweka kikombe chini, akalaza kiganja chake kimeinama kidogo. Mawe yakishasagwa, alisema, unga wake unapitishwa na maji juu ya mbao zilizoinamishwa hivi. Juu ya mbao kuna blanketi. Udongo mwepesi unateremka na maji, dhahabu ni nzito, inanasa kwenye manyoya. Jioni blanketi linakung'utwa ndani ya beseni.

"Blanketi letu halijawahi kulaliwa na mtu," alisema.

Sisi wa upande wa Tinde tumelelewa kwa pamba na ng'ombe, na miaka yangu ya ujana niliimalizia Dar. Lakini kuelewa sikuchelewa. Nilielewa palepale, na zaidi ya alichoniambia. Mtu wa huku haji sokoni kutafuta kitu. Anakuja ametumwa na kazi, na kazi ndiyo inayojua vitu vinavyokwenda pamoja. Chuoni nilikuwa miongoni mwa wa kwanza darasani na hakuna mwalimu aliyenifundisha hilo. Nililigundua mwenyewe, kwenye benchi la chai.

Sasa kazi zenyewe ni zipi? Hapo nikawa na hamu mpya. Nilikatakata maboksi matupu, kila kipande nikakiandika jina la kitu kimoja kinachouzwa kwenye tovuti, nikatandika mkeka mbele ya fremu ya mama wa mablanketi. Kila aliyepita nilimwomba jambo moja: vitu vinavyokwenda pamoja, viweke pamoja, na useme kwa nini.

Wa kwanza kuchuchumaa alikuwa fundi wa kuchomelea wa hapo jirani, miwani myeusi imepanda kwenye paji la uso. Alipanga haraka. Sururu na kamba na tochi, huku. Mabeseni na mablanketi na pampu ya maji, kule.

Akaja mfugaji mmoja aliyekuwa ameuza ng'ombe mnadani, fimbo begani.

"Mhola?" alisalimia.

"Mhola duhu," nikamjibu kwa Kisukuma, akafurahi, akakaa.

Alitazama mafungu ya fundi. Kisha akaokota kamba, akaokota tochi, akaokota dawa ya kupe, na kutoka kwenye fungu la mwaloni akaokota blanketi.

"Haya ni ya mtu anayelala na ng'ombe," alisema.

"Rudisha hilo," fundi alimwambia. "Blanketi ni la dhahabu."

"Dhahabu nayo inasikia baridi?"

"Wewe mzee, uza ng'ombe wako uende!"

"Nimeshauza. Ndiyo maana nina nafasi ya kukufundisha."

Mama wa mablanketi alikuwa mlangoni, mtandio umeteleza begani, anacheka. "Mwacheni. Huyo naye huwa ananunua kwangu kila kipupwe."

Mimi sikucheka. Nilikuwa nakitazama kile kipande cha boksi kikivutwa huku na huku. Nyumbani, blanketi lazima liwe kitandani au kabatini, haliwezi kuwa kote kuwili. Ndivyo nilivyofundishwa kuzipanga kurasa pia. Lakini ukurasa si blanketi. Unaweza kufikiwa kwa milango miwili na ukabaki mmoja. Kwa nini niulazimishe kukaa mahali pamoja?

Nikajionya vilevile. Nikiruhusu kila ukurasa uingie kila kundi, makundi yatavimba, tutarudi kulekule kwa kidole kuchoka. Kwa hiyo nikaweka sheria, na sheria hiyo ni yangu, sijaisoma popote: ukurasa unaingia kwenye kundi ikiwa tu mtu aliyekaa kwenye ule mkeka ameuokota kwa mkono wake na kutaja kazi anayokwenda kuufanyia. Na makundi yasizidi yale yanayoenea kwenye kioo cha simu ndogo bila kusogeza.

Hiyo sheria ya pili ilileta ugomvi zaidi kuliko ya kwanza. Fundi alitaka kundi la Uchomeleaji.

"Nikikupa wewe, fundi baiskeli naye atadai."

"Mimi na fundi baiskeli tuko sawa?"

"Kwenye kioo cha simu mko sawa."

Hakunisemesha hadi jioni. Lakini yeye ndiye aliyegundua jambo lililonifurahisha kuliko yote. Niliweka vya harusi upande mmoja na vya misiba upande mwingine, kwa heshima. Yeye akavisukuma pamoja kwa mguu: turubai ni lile lile, viti ni vile vile, sufuria kubwa ni zile zile, hata muuza mchele ni yuleyule. Mama wa mablanketi akasema astaghfirullah, kisha akafikiri, akasema ni kweli. Tukaliita kundi hilo Shughuli, na hakuna aliyelalamika.

Mengine yakapata majina ya kazi zake: Kuteremka Duara, Kusaga na Kuosha, Kulima, Kufuga, Kujenga, Kusafiri na Kubeba, Nyumba na Watoto. Na Shughuli. Yakaenea kwenye kioo, pembeni hadi pembeni. Blanketi nililipa milango mitatu: la kuoshea, la kuchungia, la kulalia. Nikabadilisha picha ya kwanza, mama akainua blanketi ili manyoya yake marefu yaonekane. Nikaiachia tovuti mpya hewani, nikaenda kukaa naye dukani.

Siku ya kwanza tulikaa kama watu wanaosubiri mgonjwa aamke.

"Injinia, hata mtu wa kukosea namba hajapiga."

"Subiri, mama."

"Nimesubiri tangu niko mbele barabarani."

Nilitamani kumwambia maneno ya kitaalamu, nikamsaidia kukunja mablanketi. Kesho yake simu ililia akiwa anaswali Adhuhuri. Sikuthubutu kuipokea. Ililia, ikanyamaza, ikalia tena, nami nikaikodolea macho. Alipotoa salamu ya mwisho aliifikia kabla hata hajasimama vizuri. Mtu wa mwaloni, anataka yenye manyoya marefu, anataka mengi, anauliza ni wapi.

"Umeniona wapi?" mama alimuuliza, kama nilivyomwelekeza.

Akasikiliza, kisha akaniambia kwa kunong'ona, kiganja juu ya simu: "Kusaga na Kuosha."

Baada ya huyo wakaja wengine. Mama alimuuliza kila mmoja, akawa na hamu kunishinda mimi. Wengi waliingia kwa mlango wa kuosha. Wafugaji wawili watatu waliingia kwa wao. Kwa mlango wa kulalia alikuja mama mmoja tu, anayemwandalia bintiye vyombo vya ndoa, na muuza mablanketi alimkalisha akampa soda.

Mwisho wa mwezi mwenye fremu akafika, mwanamume mnene, mpole, karatasi za mkataba kwapani. Alikuta wachimbaji wawili wanapima blanketi kwa mikono, mmoja anavuta huku, mwingine kule.

"Mama, unasaini au nimtafute mwingine?"

"Nina wateja, baba. Kaa hapo juu ya bunda."

Akakaa. Wachimbaji walipoondoka, mama alitandaza mkataba juu ya mapaja yake, akausoma wote, akanipa na mimi niusome, kisha akasaini. Akarudisha kalamu. Akaanza kupanga mabunda upya, ingawa yalikuwa yamepangwa.

Mwenye fremu hakuinuka. Alikuwa anaitazama simu ya mama.

"Kijana, nina fremu mbili tupu huku nyuma. Na mimi niingize humo. Utaniweka kundi gani?"

"Kujenga," nikasema mara moja.

"Nimeshajenga," alisema. "Natafuta mpangaji."

"Nyumba na Watoto?" fundi alipaza sauti kutoka karakana yake.

"Mtu hakai na watoto kwenye fremu," mama akasema. Aliacha mabunda akanigeukia. "Mtu anayetafuta fremu ametumwa na kazi gani? Ameamua kuanza biashara. Huyo ulimtengea mlango upi?"

Sikuwa nimemtengea. Nikaitazama simu: makundi yameenea pembeni hadi pembeni, hakuna nafasi hata ya kidole. Nikaanza kujiuliza ni lipi kati ya hayo linaweza kusogea, na nani nimkalishe kwenye mkeka kesho asubuhi.