Goti la Mejumaa

Mwanangu, ipo siku ambayo nikiikumbuka hucheka peke yangu, hata mke wangu huniuliza nina nini. Ni siku nyanya mmoja wa Likoni alipokuja kunikosoa mbele ya timu nzima, mchana kweupe, nami nikarudi nyumbani na furaha kubwa kuliko niliyotoka nayo.

Kwanza unijue. Mimi ni mtoto wa Magongo, sikubebwa na mtu. Nilikwenda Marekani na begi moja, nikapata kazi ya kufagia katika kituo cha kufundishia wachezaji wa besiboli, na kila nilipofagia nilikuwa nikitazama. Nikasoma mpaka nikapata diploma ya sayansi ya michezo. Imetundikwa sebuleni kwangu; ukija nitakuonyesha, hata usipouliza.

Niliporudi, nikiwa bado na nywele zote kichwani, nilileta mashine mbili. Ya kwanza ni kamera sita zinazomtazama mrushaji kila upande, kisha kompyuta ikamchora kwa mistari: bega, kiwiko, nyonga, goti. Zamani ilibidi mchezaji abandikwe vidude mwilini ili kamera zimfuate. Zangu hazikutaka hivyo. Wewe rusha mpira tu, zitakuona. Ya pili ni bamba la chuma la kukanyaga, linalopima mguu unaisukuma ardhi kwa nguvu gani. Sikumjua mwingine Mombasa aliyekuwa nazo, na nilihakikisha kila mtu analijua hilo.

Uwanja wetu ulikuwa karibu na Shelly Beach, mchanga mtupu. Nilikuwa na vijana kumi na wanane, na nafasi kumi na mbili za kwenda kucheza Nairobi. Aliyerusha kwa kasi kuliko wote alikuwa Mejumaa, msichana wa miaka kumi na sita, aliyecheza akiwa na dera lake refu na pana, mtandio umefungwa vizuri. Mpira wake ukija, mdakaji wetu Kioko husema bismillahi, na Kioko ni mtu wa kanisani.

Nikampima. Bamba likasema mguu wake wa nyuma unasukuma kwa nguvu kuliko wa wavulana wote. Kamera zikasema hatua yake ni fupi mno na goti la mbele halikunjiki. Mashine mbili, habari mbili: anayesukuma hivyo hapigi hatua fupi. Mwenye akili angesimama hapo akajiuliza. Mimi nikaziamini kamera, kwa sababu picha yake ilikuwa na rangi nzuri.

"Mejumaa, hatua yako ni ya kuku," nikamwambia. "Vuta mguu mbele."

"Lakini kochi, mimi nahisi niko sawa."

"Kompyuta haihisi. Inapima."

Wenzake wakacheka, nami nikacheka nao. Kwa wiki tatu akauvuta mguu kama nilivyotaka. Mipira ikaanza kupotea. Mmoja uliangukia kwenye karai la muuza mihogo. Nilipoandika orodha ya Nairobi, jina lake sikuliweka.

Jumamosi iliyofuata akaja nyanya yake, Bi Mwanakombo, aliyemlea tangu mdogo.

"Shikamoo, nyanya."

"Marahaba. Wewe ndiye wa Marekani?"

"Ndiye mimi."

"Mjukuu wangu yuwaumwa na bega. Jana ameshindwa hata kukuna nazi. Na leo nasikia umemwacha. Nionyeshe kosa lake."

Nikafurahi, maana nilipenda sana kuonyesha. Nikamwekea picha kwenye kompyuta, mistari ikacheza. Akaitazama kwa muda mrefu.

"Goti lake ni lipi hapa?"

Nikamwonyesha kwa kidole.

"Hapo ni pindo la dera," akasema. "Nimelishona mimi, nalijua."

Kisha akamwita Mejumaa, akamwambia arushe polepole, kwa hatua yake ya zamani, ile ya kabla sijamfundisha. Mejumaa akarusha. Bi Mwanakombo akainama mchangani, akatandaza leso aliyojitanda kutoka kwenye bamba kuelekea alama ya unyayo wa mbele. Leso ikaisha, na unyayo bado uko mbele yake.

"Hii ndiyo hatua ya kuku?"

"Basi huyo kuku ni mbuni," Kioko akasema, na uwanja mzima ukaangua kicheko.

Bi Mwanakombo akaichukua leso ile ile, akampandisha mjukuu wake dera na kumfunga kibwebwe kiunoni. Chini ya dera kulikuwa na suruali ya michezo iliyofika kifundoni. Siku zote aliivaa, sikuwahi kuuliza. Nikawasha kamera tena. Safari hii goti likakaa mahali Mungu alipoliweka, na hatua ikawa ndefu kuliko ya yeyote timuni.

Nilikuwa nimemcheka Mejumaa mbele ya watu, basi nikamwomba radhi mbele ya watu hao hao. Nikampumzisha bega mpaka likapona, na jina lake nikaliandika juu kabisa ya orodha. Nairobi alirusha mpaka wapinzani wakawa wanasukumana nani atangulie kumkabili. Bi Mwanakombo alikuwapo pia, akigawa kaimati zake tamu, akimweleza kila aliyeketi karibu naye kwamba kochi ni kijana mzuri, ila afundishwe taratibu.

Mwanangu, sikwambii uviogope vyombo vipya. Jifunze, uvijue kuliko jirani yako, na ukivijua jisifu kidogo, mimi sitakulaumu. Lakini chombo kikikwambia jambo kuhusu mtu, na mtu mwenyewe amesimama mbele yako akasema jingine, muulize na umsikilize mpaka amalize, kabla hujamwandika wala kumfuta. Na ukikosea, usirekebishe kwa siri kosa ulilolitangaza kwa sauti.

Mola akupe kazi unayoipenda, akuzungushie watu wasioogopa kukusahihisha, na akujaalie moyo wa kuwashukuru siku hiyo hiyo. Amin.